Uwanja wa Akiba

Basi lilikuwa halijafika Mbande, na Mzee Mbaruku, dalali wa mahindi wa Kibaigwa, alikuwa ameshazijua habari zote za binti aliyekaa naye mbele yangu. Binti aliitwa Restuta. Alisomea kupanga safari za ndege: anapima mzigo, anatazama upepo, anakadiria mafuta, ndipo rubani anaruka.

“Mwanza wamenipa kazi, wanataka jibu leo,” alisema. “Lakini mimi naitaka Dodoma, nyumbani. Hapa naenda kwenye usaili.”

“Mwanangu, kazi haichaguliwi mkoa,” mzee akasema, kwa sauti iliyotutosha abiria wote. “Riziki yako ikiwa Mwanza, unaifuata Mwanza.”

“Sawa, mzee. Ila kila ndege tunaipangia uwanja wa akiba, isije ikashindwa kutua inakokwenda. Mwanza ndiyo akiba yangu. Sasa rubani gani anakimbilia akiba kabla hajajaribu kule abiria walikokatia tiketi?”

Tulipokaribia Buigiri mzee akamgeukia tena. “Na Mwanza wakichoka kukungoja?”

“Basi nitakuwa nimeishiwa mafuta angani,” akajibu, akacheka kama mtu aliyekwisha kutua.

Tulipoingia stendi ya Nane Nane, Dodoma, walikuwa bado wanabishana. Nje alisimama mtoto wa mzee, aliyekuja kumpokea. Mzee alikwisha kutuambia njiani kwamba mwanawe amemwandalia chumba akae hata mwezi. Mzee alishuka, na kabla hajamsalimia mwanawe akamshika kondakta mkono:

“Gari la mwisho la kurudi Kibaigwa linaondoka saa ngapi?”