Komwe Tisa za Vita vya Kisimani

Alhamisi moja ya mwisho wa Shaabani, mwaka 1887, masika yakiwa bado hayajataka kuondoka, watu wanne walikuwa wakizungumza kibarazani kwa muuza kahawa pale Mlingotini, mpakani mwa mtaa wa Kisimani na mtaa wa Mnazini. Mwenye dele la kahawa alikuwa Ausi wa Mkange, aliyeitwa Kashata, kwa kuwa kashata alizotengeneza kuuza alizila mwenyewe. Mwenye kelele alikuwa Husseni bin Makame, aliyeitwa Hakimu, ingawa hakupata kuamua kesi hata ya kuku. Nyumba yake ilikuwa na milango miwili, mmoja Kisimani na mmoja Mnazini, ndiyo maana mfuko wa suluhu, wenye komwe za waliokufa vitani, uliwekwa kwake. Waliobaki walikuwa Hija bin Bwanausi wa Kisimani, aliyeitwa Upepo, na Bwanaheri wa Mnazini, fundi mashua, aliyeitwa Msumari. Kesho yake binti wa Hija, Mize, alikuwa aolewe na mtoto wa Bwanaheri. Lakini babu zao walipigana, mtaa kwa mtaa, na siku ya suluhu waliacha sharti: binti asivushwe mpaka ule kabla wazee wa pande zote hawajasimama hapo, wakasema kwa kauli moja vita vilianzaje, kisha wakataja waliokufa, komwe moja kwa kila jina. Ndoa ya kuvuka mpaka haikuwa imefungwa kwa miaka ishirini. Mzee wa mwisho aliyekijua kisa chote alikufa mwezi wa Rajabu. Na mfungo ulikuwa unaingia baada ya siku nne.

— Kaa kitako, Upepo, alisema Hakimu. Unatutia kizunguzungu.

— Sikai. Mchele umeshapepetwa, mbuzi wawili wamefungwa uani, mke wangu ananiuliza mtasema nini kesho, nami sina jibu. Nikae vipi?

— Kisa kinajulikana. Ni kidari cha ng'ombe. Palikuwa na karamu, ng'ombe akachinjwa, na kidari ni haki ya jumbe wa Kisimani. Mnazini wakakila. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Kidari na ngama wapi na wapi? aliuliza Upepo.

— Ng'ombe naye ana ngama yake. Wewe hujui tu.

Msumari aliweka kikombe chini kwa nguvu.

— Babu yangu Kombo bin Shomari hakufa kwa ajili ya nyama. Kesho nisimame mbele za watu niseme wazee wangu walikuwa walafi? Sisemi. Kisa ni makubadhi. Mtu wa Kisimani aliingia na makubadhi ngomani, naye hajatoa ada ya kuyavaa. Akaambiwa avue. Akasema miguu yake ina baridi.

— Nani huyo? aliuliza Upepo.

— Jina silijui.

— Hulijui! Mnazini mnajua rangi ya makubadhi, jina la mvaaji hamlijui. Ni kamba ya kisima, bwana. Watu wenu waliikata ili wanawake wetu wasiteke maji.

— Ilikuwa imeoza hiyo kamba! Babu yangu aliishika kidogo tu.

— Aha! Kumbe aliishika!

Hakimu alicheka mpaka kahawa ikampalia. Kashata alimpiga mgongoni, akamwongeza nusu kikombe.

— Mkiniuliza mimi, alisema Kashata.

— Wewe mtu wa Mkange, hukuulizwa, alidakia Msumari.

— Ndiyo maana nasema, kwa kuwa sina babu hapa. Mkange sisi tulisikia kwamba alikuja nyangumi. Alitupwa na maji pwani, kichwa Kisimani, mkia Mnazini. Hawa wakasema, mwenye kichwa ndiye mwenye samaki. Wale wakasema, samaki huchukuliwa kwa mkia. Wakabishana siku sita, nyangumi akaoza. Ilipofika ya saba, harufu ikawa haivumiliki. Kila mtaa ukamwambia mwenzake, mchukueni nyinyi. Hapo ndipo walipopigana.

Msumari alitikisa kichwa. Upepo alikwenda mpaka kona, akarudi.

— Kesho, mbele ya mwalimu wa chuoni, nikaseme nyangumi?

— Nyangumi hapana, alisema Hakimu, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyepata kitu. Kulikuwa na jogoo. Jogoo wa hapa mpakani, analala mlango huu, anakula mlango ule. Katika mfungo wa mwaka ule aliwika kabla ya wakati. Mitaa yote miwili ikadhani alfajiri imeingia, watu wakaacha daku mdomoni. Wakashinda na njaa ya bure. Adhuhuri watu wakaanza kutazamana. Alasiri wakatukanana. Magharibi hawakuiona kwa amani. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Methali hiyo inahusu nini? aliuliza Kashata.

— Inahusu. Ngoja utaona.

Lakini Msumari hakuingoja methali. Alikuwa anamtazama Upepo.

— Jogoo hana mtaa, alisema polepole.

— Hana, alisema Upepo.

— Hakuna babu anayetukanwa.

— Hakuna.

— Basi tuseme jogoo, Hija.

Upepo alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu adhuhuri. Alifuta jasho, akaomba kahawa, akainywa kwa mkupuo mmoja na kuungua ulimi.

— Lete mfuko, Hakimu. Tupitie majina, tusije tukakwama kesho.

Hakimu aliingia kwa mlango wa Mnazini, akatokea kwa mlango wa Kisimani, na mfuko mdogo wa ngozi mkononi. Alimwaga komwe juu ya mawe ya baraza. Mbegu za kijivu, ngumu, sawa kabisa na zile za bao la Kashata lililokuwa pembeni, na mchezo wa jana ukiwa haujamalizika.

Walitaja kwa zamu, kila mmoja akisogeza komwe moja. Upepo akaanza na Kisimani: Hija bin Mwinyikondo, Mwinyikai bin Mwinyikondo, Makame Mtupa. Msumari akafuata na Mnazini: Kombo bin Shomari, Sefu bin Shomari, Mwinyimvua bin Dihenga, Bwanamkuu bin Dihenga. Hawakukwama hata mara moja.

— Saba, alisema Hakimu. Majina saba, komwe saba. Watu wa Mlingotini hawasahau jina.

— Samahani, wazee. Shikamooni.

Aliyesema alikuwa amekaa mwisho wa baraza muda wote, kikombe kikiwa kimepoa mkononi. Alikuwa seremala wa misheni ya Bagamoyo, jina lake Gaspari, mtu wa miaka thelathini hivi, msalaba mdogo wa mti shingoni. Alikuja kuchukua boriti za mikoko, na wapagazi wake walikuwa wanazifunga.

— Marahaba, alisema Hakimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Una kisa chako nawe? Sisi tumeshaamua, ni jogoo.

— Sina kisa. Nina swali. Mbona komwe ni saba? Mama yangu aliniambia siku ya suluhu waliweka tisa.

— Mama yako nani?

— Sasa anaitwa Genoveva. Alipokuwa hapa Kisimani aliitwa Mize. Alikuwa mtumwa wa nyumba ya Mwinyikondo, tangu mtoto mpaka misheni walipotukomboa.

Upepo aligeuka kusikia jina la binti yake, na tena kusikia jina la nyumba yao.

— Baba wa mama yangu na ndugu yake walipewa mikuki, aliendelea Gaspari, wakaambiwa waende kisimani. Hawakurudi. Mama alikuwa bado anabebwa mgongoni. Aliambiwa tu kwamba alifiwa, majina ya waliokufa hakuambiwa. Niliposema ninakuja huku, akaniambia, waulize, watu wa Mlingotini hawasahau jina. Basi ninauliza. Hao wawili waliitwa nani?

Msumari alimtazama Hakimu.

— Husseni. Zilikuwa tisa?

— Zilikuwa... Nilipopewa mfuko na marehemu, yule mzee aliyekufa Rajabu, ndiyo, zilikuwa tisa. Majina saba, komwe tisa. Nikamuuliza, akasema hizo mbili hazina wenyewe.

— Ziko wapi?

Hakimu alijikuna shingo.

— Bao la Kashata lilipungukiwa na mbili. Masika ya mwaka juzi. Kaa walizichukua, au watoto. Bila sitini na nne huchezi. Nikaona, hazina wenyewe...

Wote walilitazama bao. Komwe zilikuwa zimelala mashimoni, hapa tatu, hapa mbili, shimo moja limejaa kumi na moja, alizoteka Msumari jana kwa kelele nyingi.

— Mwaka juzi, alisema Msumari. Nimezicheza kila siku.

— Sote tumezicheza, alisema Kashata.

Upepo aliinama juu ya bao. Aliokota komwe moja, akaigeuza, akairudisha. Akaokota nyingine. Zote zilikuwa zimelainishwa na vidole vile vile.

— Ni zipi, Husseni?

— Nitajuaje?

Walimngoja Hakimu atoe methali. Hakutoa.

— Sharti linasema kila aliyekufa, alisema Upepo. Halikusema kila mwenye mtaa. Kesho nikitaja saba, nitakuwa nimemvusha mwanangu kwa uongo, na nitakaowaacha nje ni watu wa nyumba yangu. Walitumwa na babu yangu.

— Basi harusi? aliuliza Msumari, na mara ile alikuwa baba wa bwana harusi, si fundi. Baada ya mfungo?

Upepo alilinyanyua bao kwa mikono miwili na kulipindua juu ya mfuko. Komwe ziliporomoka, nyingine zikadunda na kuangukia njiani, na wazee wale wakachutama kuziokota, Msumari, Kashata, na Hakimu akipumua kwa shida. Zilipopatikana zote sitini na nne, zikatiwa mfukoni pamoja na zile saba za awali, mfuko ulijaa mpaka kamba yake haikuweza kufungwa.

— Zile mbili zimo humu. Kesho tutakwenda nazo zote, alisema Upepo. Tutataja majina saba. Halafu, Bwana Gaspari, nakuomba usimame na sisi pale mpakani.

— Nikasimame niseme nini? Majina siyajui.

— Sema ulivyosema hapa.

Wapagazi walikuwa wanaita kutoka njia ya Bagamoyo, boriti tayari mabegani. Gaspari aliwaashiria kwa mkono wazitue chini.

— Nitauliza tena, alisema.

Kashata aliinamisha dele juu ya kikombe chake. Likatoa tone moja, na machicha.