Tulivyompeleka Mama Hannah Baharini kwa Maneno

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la zamani hapa Malindi: mawe mawili, ubao mmoja uliotoka kwenye duka lililobomolewa, na mbele yake Hamad na dele lake la kahawa juu ya makaa. Sisi wa kila siku ni watatu. Kuna Kambi, twamwita Daktari kwa kuwa aliwahi kufagia zahanati miaka minne. Kuna Sufyan, twamwita Serikali, maana haombi hata kashata bila kutaja utaratibu. Na kuna mimi mshona kofia, waniita Maalim Nusu, kwa sababu chuoni niliishia nusu ya msahafu na shuleni darasa la saba, na kila nijualo nalijua mpaka katikati. Naandika kosa langu la Jumanne ile baada ya Idi, Mola anisamehe, kwa maana nilikaribia kumzamisha mama wa watu kwa ulimi tu.

Saa tatu asubuhi walitujia wageni watatu: Mwaura, mkewe Vivian, na Mama Hannah, mamake Mwaura, bibi wa miaka sabini na kitu kutoka Nyahururu. Alikuwa hajapata kuiona bahari. Kashika fimbo ya mti wa kwao, ina mafundo kama vidole vya mzee. Mwaura akatuamkia vizuri, akasema mama yake ana haja moja tu. Ameona kwenye simu lile fungu la mchanga linalotokeza katikati ya maji bahari ikipwa, naye ataka kusimama juu yake kwa miguu yake mwenyewe kabla hajafa. Je, waende vipi, na wajihadhari na nini?

Kijiwe kikapata kazi. Hamad akamimina vikombe bila kuulizwa.

Mwanzo tulisema ya maana. Sufyan aliwaambia wapatane na bodaboda kabla ya kupanda, si baada ya kushuka, na makombe wayaache yaliko, bahari nayo ina mali yake. Kambi akawaambia wavae viatu majini, na mtu akichomwa na shokoshoko, yule mdudu wa miiba wa mwambani, apakwe utomvu wa papai bichi, miiba italegea. Hayo ni kweli, hata mimi nimepona nayo. Lau tungeishia hapo. Lakini mgeni akisikiliza kwa adabu, mwenyeji hupanda kichwa.

— Na sabuni msioge asubuhi, akasema Kambi. Shokoshoko humjua mgeni kwa harufu ya sabuni.

— Hana pua yule, Daktari, akasema Hamad.

— Nawe umemtibu mara ngapi?

Sufyan akaona anapitwa. Akaeleza kwamba bahari ina utaratibu wake kama ofisi yoyote, na kaa ndio askari wa zamu. Ukiwaona kaa wote wameingia mashimoni, jua wamekwenda kula, kwa hivyo hakuna wa kukulinda.

— Wahenga wamesema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akamalizia. Kwa hivyo mama, usivue kitu. Ingia na koti lako.

Mama Hannah akalitazama koti lake la sufu, akaitikia kwa kichwa. Mwaura alikuwa akiandika kwenye simu, hata la kaa aliandika. Kisha akauliza lililomleta: maji yatakupwa mpaka saa ngapi?

Hapo nikajibu mimi. Nakiri sikuulizwa mimi peke yangu. Nilimkata Kambi kauli, kwa sababu nilitaka kijana msomi ajue kwamba hata sisi tuna elimu yetu. Nikakunja vidole kama alivyokuwa akifanya babu yangu.

— Leo mwezi nne, nikasema. Siku ya nne tangu mwezi uandame, hizi ni siku za bamvua, maji yaenda mbali sana, nayo yageuka saa saba kasorobo. Ingieni saa tano na nusu, mkae kwa raha zenu, mtoke saa saba.

Wakatushukuru, wakaenda. Mama Hannah akarudi hatua mbili kunipa mkono.

Walipoondoka tulirudia ugomvi wetu wa wiki nzima. Mwaka huu, kama mara nyingi, Idi zilikuwa mbili. Mimi nilisali Idi Jumamosi kwa tangazo la redio. Sufyan na Hamad wakafunga siku ile, wakasali Jumapili, maana huku kwetu mwezi haukuonekana kwa macho. Sisemi nani alikuwa sawa, ibada namwachia mwenyewe aliyeiamrisha. Kambi ni Mkristo, naye alikula pilau pande zote mbili akasema haoni tatizo. Tukabishana hata Hamad akasahau makaa.

Nilikuwa nimeshatia udhu wa adhuhuri alipofika Linet na kapu lake la pweza, kanga imemlowa kiunoni. Linet hushuka mwambani kila bamvua, na akirudi hupita kijiweni kunywa kikombe kimoja amesimama. Kambi akamchokoza, leo mbona mapema, pweza wamemfukuza?

— Maji yamegeuka tangu saa sita, akasema Linet. Leo si mwezi tatu?

— Mwezi nne, nikasema.

— Nne ya nani?

Lilikuwa swali dogo kama punje ya mtama. Hamad akanitazama. Sufyan akatazama chini, maana yeye pia alinisikia nikisema nne, na yeye anahesabu tatu, lakini masikio yake yalikuwa bado kwenye askari kaa. Babu yangu alihesabu maji kwa mwezi alioona kwa macho yake. Mimi usiku wa tangazo hata uani sikutoka kutazama. Nikampa bibi wa watu hesabu ya redio, na bahari haisikilizi redio. Kosa la siku moja, dakika arobaini na tano, maana kila siku maji huchelewa kiasi hicho. Na pale funguni maji hayaji kwa mbele ukayaona. Huanza kujaza ule mlango ulio kati ya fungu na pwani, nyuma ya mgongo wako, wewe ukipiga picha.

Saa ya Hamad ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi.

Nakiri tena. Miguu yangu ilielekea msikitini. Nilijiambia nakwenda kumwombea dua, lakini ulikuwa woga, wala si ucha Mungu: nilitaka kujificha nyuma ya dua nisione. Kambi akanishika mkono wa kanzu.

— Dua iombe njiani, Maalim.

Tukaenda mbio, wazee watatu na Linet mbele yetu na kapu lake. Sufyan akihema alisema haraka haraka haina baraka, akazidi kukimbia. Tulipotokea ufukweni nikatafuta fungu, sikuliona. Palikuwa na mstari wa povu tu, na maji yamekaa juu yake kama hapakuwa na kitu tangu dunia iumbwe. Nikaanza kusoma, na hata aya niijuayo tangu utotoni ikanipotea katikati.

— Wazee, mnamtafuta nani? sauti ikauliza nyuma yetu.

Tulikuwa tumempita. Mama Hannah kakaa juu ya ukuta mfupi, koti la sufu linachuruzika, anakula embe bichi la pilipili. Vivian anakamua sketi. Mwaura anafuta simu.

Nilisujudu pale pale mchangani, kanzu na yote, na niliponyanyuka ndevu zilikuwa nyeupe kuliko kawaida.

— Mama, ulijuaje? akauliza Kambi.

— Kwetu tukivusha ng'ombe mtoni, wa kwanza kuingia ni fimbo, akasema. Hapa pia niliichomeka ukingoni, nikaingoja. Maji yalikuwa chini ya fundo la kwanza, baadaye yakawa juu yake. Mwaura akaniambia, mama, wazee wamesema mpaka saa saba. Nikamwambia wazee hawako hapa. Fimbo iko hapa.

Walivuka mlango maji yakiwa mapajani, Vivian na Mwaura wamemshika huku na huku. Dakika kumi zaidi, akasema Linet polepole, yangekuwa kifuani.

Nikamwambia yote: Idi mbili, vidole, na kwamba nilijibu ili nionekane. Nikamwomba radhi. Akatafuna embe lake mpaka akalimaliza.

— Umekuja mbio na hizo ndevu, akasema. Mimi nimesamehe. Na nilisimama pale, baba. Nilisimama na miguu yote miwili.

Mwaura alinisaidia kukung'uta kanzu. Nikaenda kusali, mara hii kwa haki, na niliporudi kijiweni nikawakuta wote wamebanana kwenye ubao, koti la sufu limeanikwa juu ya ukuta wa soko. Kambi alikuwa akieleza kwamba sufu ndiyo iliyomwokoa, kwani sufu huelea, na Sufyan akidai wazo la koti lilikuwa lake. Tulicheka kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. Kila mtu alikuwa akimgusagusa yule bibi begani, kama kuhakikisha yupo.

— Nyinyi wenyewe, akauliza Mama Hannah, mara ya mwisho mlisimama lini pale funguni?

Linet akaangua kicheko. Sufyan akakohoa. Mimi nilijaribu kuhesabu, nikafika mwaka niliooa, nikaacha.

— Basi kesho nitawapeleka mimi, akasema, na fimbo yangu. Twende saa ngapi?

Sufyan akanitazama. Mimi nikamtazama Kambi. Kambi akamnyoshea Hamad kikombe, Hamad akainamisha dele mpaka mwisho, likatoa tone moja la mashapo.

Mama Hannah akageuka, akamwuliza Linet.