Jamotan Hutasoit, Fundi Aliyezipima Kamera kwa Baridi

Jamotan Hutasoit alizaliwa Lintong Nihuta tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Gerhard Hutasoit na Mama Tialam wa ukoo wa Sihombing. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alichelewa kusema kwa sababu alikuwa bado anasikiliza.

Shule ya msingi alisoma hapahapa Lintong, na sekondari akaimalizia Balige mwaka 1965. Mwaka uliofuata alikwenda Medan kujifunza kazi kwa fundi kamera, Mzee Kwee. Miezi mitatu ya kwanza hakuruhusiwa kushika bisibisi. Kazi yake ilikuwa kufumba macho na kusikiliza kamera zikifyatuliwa, kisha aseme ni ipi inayojikokota. Mwaka 1973 alifungua duka lake Pematang Siantar, nyuma ya Soko la Horas.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na Nurmaida wa ukoo wa Sianturi. Mungu akawajalia watoto watatu.

Habari moja ya kazi yake aliagiza mwenyewe isomwe leo, na isipunguzwe. Mwezi Januari 1979 dada yake, Tiurma, aliolewa huko Dolok Sanggul. Mpiga picha alikuwa Togar Simamora, binamu wa bwana harusi na rafiki wa marehemu. Picha ziliposafishwa, zile za wazazi wa bibi harusi wakiwafunika maharusi kitambaa cha baraka, ulos, zilikuwa nyeusi upande wa kushoto. Maharusi walionekana vizuri, na ulos ilionekana ikitokea gizani, lakini walioitoa hawakuonekana.

"Nimemlea binti miaka ishirini na miwili," Mzee Hutasoit alisema, "halafu kwenye harusi yake mimi ni giza?"

"Mzee, naapa sikugusa kitu," Togar alisema.

"Hukugusa! Giza limekuja lenyewe, likachagua wakwe tu!"

Kamera ililetwa kwa marehemu aipime. Aliifyatua mara hamsini dukani, akasikiliza, akaangalia mapazia yake mawili, lile linalofungua na lile linalofuata kufunga. Kisha akatamka mbele ya baba yake: "Kamera ni nzima."

Kwa neno hilo Togar akawa mtu aliyewakata wakwe kwenye picha kwa makusudi. Hakuitwa tena kwenye harusi. Mzee Hutasoit naye akaapa kutokanyaga nyumba ya mkwewe, na Tiurma alikuwa ameshashika mimba. Kwetu, mtoto asiyepokewa na babu mzaa mama amepokewa nusu.

Mwezi Julai Tiurma alishuka Siantar, tumbo mbele, akakaa dukani kwa kaka yake akinywa kahawa. Alikuwa akieleza harusi yake kwa mara ya mia. "Asubuhi ile, kaka, baridi ilikuwa kali mpaka vidole vyangu havikukunjika kuishika ile ulos."

Marehemu aliweka kikombe chini. "Rudia."

"Nirudie nini? Baridi? Wewe umezoea joto la Siantar, umesahau kwenu."

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Togar kuiomba kamera, akapanda nayo basi hadi Lintong, akailaza nje juu ya ukuta usiku kucha. Alfajiri alimwita baba yake, naye Mzee akatoka amejifunika sarungi hadi masikioni. Marehemu alifungua mgongo wa kamera, ndani hakuna filamu, akaielekeza kwenye ukuta mweupe.

"Weka jicho hapa, Baba." Taa ya kamera ikamulika. "Umeona nini?"

"Nusu. Upande mmoja umezibwa."

"Tena."

"Nusu, nimekwambia! Mimi si kipofu."

Marehemu aliitia kamera kwapani, akakaa nayo mpaka birika likachemka. Wakarudia. Mzee alitazama mara tatu.

"Sasa naona yote."

Marehemu akaeleza: mafuta ya ndani yalikuwa yamezeeka, na kwenye baridi yaliganda. Pazia la kwanza likachelewa, la pili likaanza kuziba kabla taa haijawaka.

"Kumbe nimetukanwa na mafuta," Mzee alisema.

"Mafuta na mimi, Baba. Mimi ndiye niliyesema ni nzima."

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani Dolok Sanggul akamwomba Togar msamaha mbele ya watu wote. Togar alijibu, "Shemeji, sasa nitengenezee." Mwezi Oktoba Mzee Hutasoit alipeleka samaki wa baraka kwa binti yake, akampa mjukuu jina.

Tangu hapo hakuna kamera iliyotoka dukani bila kulala kwenye jokofu la nyumbani, ndani ya mfuko. Nurmaida alikuwa akifungua mlango na kuuliza, "Leo nipike ipi, Baba Rosenta?"

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki nyumbani tarehe 9 Januari 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Ameondoka amekamilika: watoto wote wana ndoa, na kila mmoja amempa mjukuu. Ndiyo maana leo ngoma zinapigwa.

Ameacha mjane, Nurmaida, watoto Rosenta, Parlin na Lamria, wajukuu saba, dada yake Tiurma, na rafiki yake Togar.

Baada ya mazishi sote tujipange mbele ya nyumba. Picha itapigwa na Togar, kwa kamera ileile, ambayo imelala nje tangu jana na imepimwa asubuhi hii. Wakwe, ukoo wa Sianturi, wasimame kushoto.

Pumzika, Jamotan, kwa amani ya Bwana. Tutaonekana sote.