Unifomu Kati ya Ndagala

Bwana asifiwe! Nasema tena, Bwana asifiwe! Amahoro kwenu, ndugu zangu. Sikuja kushuhudia kwamba nimepona ugonjwa. Nimekuja kusema namna Mungu alivyookoa mutoto wangu kutoka mikononi mwangu mimi mwenyewe.

Munanijua, mimi ni mama wa ndagala, hizi dagaa zetu za ziwani, pale ufukweni Rumonge. Nazianika kwenye vichanja vya wavu, nazigeuza, nauza. Binti yangu Keza alikuwa mwaka wa sita, mwaka wa mtihani. Ghafla akakataa shule. Asubuhi tumbo linauma, mchana iko mzima! Nikasema, huyu ana pepo la uvivu. Nikafunga siku tatu, nikamuleta hapa aombewe. Halafu, natubu mbele yenu, nikamuchapa. Bado shule hakwenda. Mwalimu akatuma habari: akiendelea hivi, mtihani hafanyi.

Siku moja nikaona mwanamke mwenye daftari anakuja. Nikajua huyu ni wa komini, wale wa kudai kodi, nikajificha nyuma ya magunia! Kumbe ni asistanti sosiali, wale wanaofuatilia watoto wa shule mpaka nyumbani kwao. Mama Goreti. Hakunigombeza. Alikunja mikono ya nguo, tukageuza ndagala pamoja mpaka kichanja cha mwisho. Kisha akaomba akae na Keza, wawili tu.

Aliporudi aliniambia polepole, "Mama, darasani wanamzibia pua. Hakuna anayekubali kukaa naye benchi moja."

Ndugu zangu! Ile unifomu nilikuwa naifua kila siku kwa sabuni. Naianika wapi? Kwenye vichanja vile vile, kati ya ndagala, eti pale jua ni kali! Pua yangu ilishazoea zamani. Nakemea pepo, na unifomu iko inaning'inia mbele ya macho yangu. Nililia, jamani.

Mama Goreti alikwenda shuleni mara mbili kuzungumza na wale watoto. Unifomu ikahamia kamba ya jirani. Keza akarudi, akafanya mtihani, akapita! Haleluya!

Murakoze Mungu, murakoze Mama Goreti. Wewe mzazi unayefunga kwa ajili ya mutoto wako, mtumaini Bwana, usiache. Lakini akija mtu kuuliza habari zake, usijifiche kama mimi. Na mutoto mwenyewe, muulize. Siku zote zile, ndugu zangu, mimi sikumuuliza Keza hata mara moja.