Perege Waliogoma Kukua

Kijiwe chenyewe kipo mlangoni pa kinyozi: benchi moja, birika moja la kahawa, na wataalamu watatu wa kila jambo wasilolisomea. Asubuhi hiyo Fundi Saa alifika na ndoo, akaketi bila salamu. Ndani ya ndoo mlikuwa na perege wa miezi sita aliyeenea kiganjani, na nafasi ikabaki. Alikuwa na haki ya kununa. Mkewe amekata shauri: Jumamosi lori linamwaga udongo, bwawa la samaki linafukiwa, panapandwa mboga. Na bwawa lile Fundi alilichimba kwa mikono yake, mtaa mzima ukimcheka.

— Tatizo chakula, alisema Kinyozi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Wanakula kuliko mimi.

— Basi ni homoni, alisema Dokta, ambaye udokta wake ni wa kufagia duka la dawa za mifugo. Perege dume hukua upesi, jike nguvu zinaishia kwenye mayai. Wanaototoa vifaranga huwapa homoni wangali wachanga, karibu wote wawe madume. Ndiyo maana wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

— Wahenga walikuwa na homoni?

— Walikuwa nazo, hawakuandika tu. Halafu ipo homoni ya kukuza, inatoka kichwani. Samaki akiwa na hofu inagoma. Wako wanamwogopa shemeji.

— Hata mimi namwogopa, na kitambi kinakua.

— Nywele ukizipunguza zinakuja kwa kasi, alisema Kinyozi. Tuwapunguze mapezi.

Fundi akajikuta anaitikia kwa kichwa. Saa ya mtu haitengenezi kabla hajaifungua na kuichungulia, lakini perege wake alikuwa tayari kuwapeleka kunyolewa.

Hapo akatokea mdogo wa mkewe, mfuga kuku, katumwa kumwita nyumbani. Akachungulia ndoo.

— Shemeji, mbegu unatoa wapi?

— Humohumo, wanazaana wenyewe. Kila tukivua tunatoa wakubwa, wadogo tunawarudisha wakue.

— Na wakubwa?

— Tunawachoma hapa, tukijadili maendeleo ya bwawa.

— Mmevua mara ngapi?

— Mara sita.

— Mimi jogoo mkubwa simchinji, ndiye baba wa vifaranga. Nyie baba mnamla, mnawaachia ukoo wale mbilikimo.

— Jeni hizo, alinong'ona Dokta.

— Jeni siijui. Jogoo namjua.

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Miaka mitatu alikuwa akiwalaumu samaki.

— Mwambie dada yako azuie lori, nitafute mbegu nzuri.

— Nitamwambia. Akiniuliza ile nzuri ya mwanzo ilikwenda wapi, nimjibuje?

Fundi akamtazama Dokta. Dokta akamtazama Kinyozi. Kinyozi akasema ana mteja, akaingia ndani kwenye kiti kitupu.