Mitungi ya Maji Langoni mwa Kituo

Mtukufu Sayadaw, mkuu wa watawa wetu. Mheshimiwa U Thein Naing, Mwenyekiti wa Kamati ya Mji. Wazee wa mtaa. Nanyi madereva, wachuuzi na abiria: kwa heshima zote nasimama mbele yenu, kwa niaba ya wakazi wa Thabyegon, kushukuru kwa kituo hiki kipya cha mabasi, na kuwasilisha ombi moja kabla utepe haujakatwa.

Ombi lenyewe linahusu kibanda cha mitungi kilichopo langoni. Daw Mya Yin, muuza tambuu, alikijenga ili thawabu zake zimfikie marehemu mumewe, na kila alfajiri huijaza mitungi ili mpita njia yeyote anywe. Sasa ameagizwa akivunje, kwa kuwa ramani ya kituo imepanga duka la maji ya chupa mahali hapo hapo.

Niruhusuni nilete ushahidi wa mtu asiye na upande. Msimu wa joto uliopita alishuka hapa Mreno mmoja, jina lake Duarte, ikiwa ni siku yake ya kwanza katika nchi yetu. Aliitazama mitungi, akavua viatu, akachota kata baada ya kata, akaosha miguu kwa utulivu mkubwa.

"Mtazameni huyo naye," alisema Daw Mya Yin. "Maji ya kunywa anaoshea kwato."

"Mwache, shangazi," akajibu dereva Ko Zaw. "Pengine kwao kiu hushika nyayoni."

"Basi nyayo zake zimemaliza mtungi mzima. Na wewe unayecheka, utakunywa nini?"

Hata hivyo hakumfukuza. Aliisuuza kata, akachota kwenye mtungi wa pili, akanywa mwenyewe mbele ya mgeni, kisha akampa. Mgeni akanywa, akaelewa, akaiva uso hadi masikioni. Alitoa fedha; zikarudishwa mfukoni mwake. Akaniuliza mitungi ni ya nani. Nikamwambia ni ya kila mpita njia. Mara akachukua ndoo na kwenda kisimani kurudisha alichomwaga, huku Ko Zaw akimfundisha kuvuta kamba.

Jioni, kwenye duka la chai, alituambia kwamba katika kila nchi aliyopita, wa kwanza kumlaki alikuwa mtu mwenye kitu cha kumuuzia. Hapa alilakiwa na kata.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakusifu kwa haki. Asubuhi ya leo uliposhuka garini, meza ya wageni ilikwisha kupangwa chupa. Wewe ulikwenda moja kwa moja langoni, ukanywa kwa kata, ukaufunika mtungi. Duarte alihitaji kufundishwa, wewe hukuhitaji.

Nawashukuru nyote kwa utulivu mlionisikilizia. Duka laweza kusogezwa. Upande wa pili wa lango pana nafasi. Daw Mya Yin amesimama pale, ndoo mkononi, hajui kama aijaze mitungi. Naomba Kamati itamke sasa: mitungi ibaki, au iondolewe?