Kochi Lisilobonyea

BIASHA: Haloo? Nani mwenzangu? Nambari hii siijui.

MWANAPILI: Ni mimi Mwanapili, wa Msambweni. Nimeazima simu kwa jirani, maana nikipiga na yangu hupokei.

BIASHA: Dada Mwanapili. Shikamoo.

MWANAPILI: Marahaba. Hujambo?

BIASHA: Sijambo, alhamdulillahi. Watoto wazima?

MWANAPILI: Wazima. Biasha, sikukupigia kwa salamu. Wewe ni mke mwenzangu, na mambo ya zamu nimemwachia Sefu na Mola wake. Lakini kwenye soko la simu usinifuate. Huko nilifika mwanzo.

BIASHA: Nimekufuata wapi tena? Niko zangu Ukunda hapa, nafua.

MWANAPILI: Kochi. Kochi la kijani, la mgongo wa mviringo. Umeliweka jana kwenye grupu, chini kabisa ya langu, yakaonekana mtu na pacha wake.

BIASHA: Hilo ni langu. Siku hoteli ilipouza vitu vyake vya zamani, Sefu alituletea sawa kwa sawa, moja kwako moja kwangu, kama dini inavyotaka. Sasa nikiuza langu—

MWANAPILI: Uza. Uza hata mlango. Lakini uza kwa ukweli. Judy, yule mama wa nyumba za wageni Diani, alikuwa amekwisha kulikubali langu. Leo asubuhi ananitumia picha ya lako. Ananiambia haya makochi ni mamoja, mbona moja limechoka na jingine kama limetoka kiwandani, basi kuna mtu anayemdanganya.

BIASHA: Na wewe ukamwambia ni mimi.

MWANAPILI: Nikamwambia ni wewe.

BIASHA: Basi vizuri. Asante.

MWANAPILI: Usiniambie asante kwa sauti hiyo. Mimi tangazo langu nimeliandika kama mtu atakayeulizwa kaburini. Nimelitoa uani, nimelipiga picha juani, si chumbani kwenye giza. Urefu nimepima. Mguu wa nyuma umetiwa gundi, nimeupiga picha peke yake. Doa la chai nimeliwekea kidole lionekane. Na upande wa kulia umebonyea, nimeandika umebonyea. Mtu akitoka Diani na pikapu yake asije kunitukana mlangoni kwangu.

BIASHA: Nimelisoma. Nimelisoma mpaka nimelikariri.

MWANAPILI: Haya. Sasa lako. (anasoma) "Halijabonyea popote, limekaliwa kwa nadra." Kwa nadra, Biasha? Sefu tunamjua sote. Akikaa, kitu kinajua kimekaliwa. Langu lilibonyea kabla mfungo haujaisha, wakati ule alipokuwa bado wangu na wako. Sasa hivi yuko kwako kucha kutwa, anakaa wapi? Anasimama?

BIASHA: Dada, subiri, mtandao unakwaruza, hebu nitoke nje—

MWANAPILI: Toka, lakini usikate. Haya, umetoka?

BIASHA: Nimetoka.

MWANAPILI: Mimi nina wivu, sikufichi. Ile picha yako niliikuza mpaka ikawa vidoti vitupu. Nilikuwa siangalii kochi. Nilikuwa natafuta kofia yake ukutani, viatu vyake chini, taulo, chochote. Nilisema nikiviona nitashikwa na homa.

BIASHA: Uliviona?

MWANAPILI: Sikuviona. Nikasema umeviondoa ili picha ipendeze. Hata hapo nikakuonea wivu, una nyumba kubwa ya kufichia vitu.

BIASHA: Chumba kimoja na sebule, dada.

MWANAPILI: Basi.

BIASHA: Na wewe, kwa kuwa unaogopa kaburi, mbona sababu ya kuuza umeandika "nahama nyumba"? Unahamia wapi? Nyumba hiyo si aliijenga baba yako?

MWANAPILI: (anasogea mbali na jirani)

BIASHA: Haloo?

MWANAPILI: Nipo. Ulitaka niandike nini? Niandike mume haingii kwangu, na unga naununua kwa kuuza viti? Msambweni nzima imo kwenye lile grupu. Mamake Sefu mwenyewe yumo.

BIASHA: Haingii kwako?

MWANAPILI: Biasha, usinichezee.

BIASHA: Sikuchezei. Haingii kwako tangu lini?

MWANAPILI: Tangu wewe uliposhikwa na presha. Aliniambia unaanguka ovyo, daktari kakataza usilale peke yako. Akaniomba zamu zangu nikusamehe mpaka upate nafuu. Nikasamehe. Kwa mdomo, moyoni hapana. Nilikuwa nasali upone upesi ili umrudishe.

BIASHA: Mimi sina presha.

MWANAPILI: Huna?

BIASHA: Sijapata kuwa nayo. Dada, Sefu kwangu hajalala tangu mvua zile za kwanza. Hupita mchana, hubadilisha shati, huondoka. Kaniambia wewe ndiye mgonjwa. Eti mgongo, huwezi hata kuinamia jiko, na mke mkubwa ana haki yake, nivumilie. Nikavumilia nikilia. Nilikuwa nakuonea wivu wewe na mgongo wako.

MWANAPILI: Mgongo wangu ni mzima. Hilo kochi tumelibeba mimi na Menza wa jirani mpaka uani.

BIASHA: (mtandao unakatika) —na supu, je?

MWANAPILI: Sikusikia. Supu gani?

BIASHA: Supu ya kuku. Nilichinja kuku wangu mwenyewe, yule mwekundu aliyekuwa anataga. Nikatia tangawizi na pilipili manga, nikamwambia Sefu, mpelekee dada Mwanapili, mgongo unapenda kitu cha moto. Akaichukua na sufuria yake. Akarudi akaniambia umeimaliza yote, umeniombea dua.

MWANAPILI: Biasha.

BIASHA: Mara ya pili nikatuma ya samaki.

MWANAPILI: Biasha, mimi sijaonja supu yako.

BIASHA: (mkwaruzo kwenye simu)

MWANAPILI: Usilie. Huo ni wewe au ni laini?

BIASHA: Ni laini.

MWANAPILI: Sawa, ni laini.

BIASHA: Ile sufuria sikuiona tena. Nikiiulizia ananiambia iko kwako, watoto wanaitumia. Nikasema potelea mbali, ni watoto wake.

MWANAPILI: Hapa kwangu haiko. Na mimi ningekurudishia, hata kwa chuki ningekurudishia. Mtu gani anakula supu ya mtu halafu anakaa na sufuria?

BIASHA: Mtu asiyejua kama ni ya mtu. Au anajua.

MWANAPILI: Anajua. Mwanamke akiona sufuria ya mwanamke mwenzake anaijua. Anakaa Sefu hapo kwake, anapakuliwa, ananyoosha miguu. Na mimi huku nakuchukia wewe bure, nimezeeka kwa kukuchukia.

BIASHA: Mimi nilimwambia rafiki yangu ningekuwa na mgongo mbovu kama wa Mwanapili ningependwa.

MWANAPILI: Pole.

BIASHA: Dada, nikuulize. Pale hotelini alichukua makochi mangapi?

MWANAPILI: Mawili.

BIASHA: Aliniambia matatu. La tatu eti lilianguka kutoka kwenye gari pale kivukoni, likavunjika, wakalitupa.

MWANAPILI: Kivukoni huko kaskazini alifuata nini, hoteli iko Diani na sisi tuko huku kusini?

BIASHA: (anarudi ndani)

MWANAPILI: Haloo? Biasha? Hii laini—

BIASHA: Nakusikia. Naliangalia hili kochi langu. Halina hata kishimo. Judy akija atafurahi.

MWANAPILI: Litathibitisha tangazo lako, maana ulisema kweli. Nitampigia nimwambie nilikosea, aliyedanganya ni mimi, pale nilipoandika nahama. Na wewe sababu ya kuuza umeacha wazi, ataiuliza, wanunuzi wa siku hizi lazima waulize.

BIASHA: Nitamwambia nini?

MWANAPILI: Mwambie tunayauza yote mawili, moja limebonyea moja halijabonyea, ayachukue pamoja. Sababu ni moja.

BIASHA: Dada, subiri. Kuna simu inaingia. Ni Sefu.

MWANAPILI: Anataka nini saa hizi?

BIASHA: Saa hizi hunipigia kuniambia anakuja kwako. Huniambia nisimngoje.

MWANAPILI: Ala.

BIASHA: Inaita bado. Nisipokee?

MWANAPILI: Pokea. Usipige kelele wala usimtukane, ukimtukana atapata sababu. Mwache aseme vyote anavyotaka kusema.

BIASHA: Halafu?

MWANAPILI: Halafu muulize, kwa adabu kama siku zote, mgonjwa leo anaendeleaje. Usikilize atakavyojibu. Mimi mwenye simu yake ananisimamia hapa mlangoni, ameitaka. Nipigie kwenye nambari yangu, na mimi nitapokea.

BIASHA: Nikianza kulia kabla sijamaliza?

MWANAPILI: Kata, unipigie. Lia kwangu. Asikusikie yeye, na huyo aliye karibu naye asisikie. Haya, pokea, itakatika.

BIASHA: Dada Mwanapili—

MWANAPILI: Pokea, mke mwenzangu.